Barua ya wazi: Mmechukua dawa ya mwanangu, chukueni na saa yake

Lindi, Oktoba 2025

Kwa:
Mkurugenzi Mtendaji wa Halmashauri yetu,
Mganga Mkuu wa Halmashauri,
Afisa Elimu Sekondari.

YAH: UTUNZAJI NA UGAWAJI WA DAWA ZA WANAFUNZI WENYE MARADHI YA KUDUMU KATIKA SHULE ZA BWENI

Ndugu viongozi,

Tafadhali husikeni na somo tajwa hapo juu.

Mimi ni mama wa watoto wanne, mkulima wa korosho na ufuta. Mtoto wangu wa tatu yuko kidato cha pili katika shule ya bweni ya wasichana mkoani kwetu, na ana kifafa. Aligundulika mwaka 2019 akiwa darasa la tatu. Tangu hapo anameza kabamazepini, kidonge kimoja asubuhi na kimoja usiku. Kwa miaka yote aliyoimeza dawa hiyo nyumbani kwangu alianguka mara mbili tu. Tangu aingie bweni Januari 2024 ameshaanguka mara sita. Mtoto ni yuleyule na dawa ni ileile, ila mkono unaoishika dawa ndio uliobadilika.

Jina la shule sitalitaja. Nataka mwanangu amalize masomo bila kunyooshewa kidole, na wazazi wenzangu wenye watoto katika shule nyingine wamenisimulia mambo yanayofanana na haya mno, kiasi kwamba kuitaja shule moja kungekuwa kuionea hiyo peke yake.

Wala sikukimbilia hadharani. Februari mwaka huu nilionana na mkuu wa shule, akanipokea vizuri na kuniahidi. Machi nikaiandikia bodi ya shule. Mei nikaleta barua kwenu, masijala wakaipiga muhuri wa kupokelewa na nakala yake ninayo. Juni nikaja kuulizia, nikaambiwa faili liko kwa afisa. Agosti nikarudi, faili lilikuwa bado liko kwa afisa. Mwezi uliopita mwanangu ameanguka tena, mara ya sita. Ndiyo maana leo naandika mbele ya watu.

Kwanza nieleze ilivyokuwa Februari.

Shule ina kanuni kwamba mwanafunzi haruhusiwi kukaa na dawa bwenini. Siku ya kufungua shule dawa zote hukusanywa na kuwekwa ofisini kwa matroni. Ijumaa moja jioni matroni alipata msiba Newala akaondoka, ufunguo wa kabati ukiwa kwenye mkoba wake. Simlaumu. Msiba hauna ratiba, na huyu mama peke yake analea wasichana zaidi ya mia mbili. Usiku ule binti yangu alikwenda kuomba kidonge chake kwa mwalimu wa zamu, mwalimu akamwambia asubiri matroni arudi. Asubuhi ya Jumamosi akaenda tena, na usiku akaenda tena. Alfajiri ya Jumapili akaanguka bombani akichota maji, kichwa kikagonga ukingo wa karo la saruji. Wenzake wengi walikimbia, maana wameaminishwa kwamba povu la mwenye kifafa linaambukiza. Dada mmoja wa kidato cha nne, kwa nia njema kabisa, alimtia kijiko mdomoni ili asijing'ate ulimi. Jino la mbele likavunjika. Alipelekwa zahanati kwa bodaboda, amebanwa katikati ya dereva na mlinzi, bado hajitambui.

Mimi nilipigiwa simu saa nne asubuhi.

Matroni aliporudi Jumatatu alinifungulia kabati nione mwenyewe, na kwa hilo namshukuru, hakunificha kitu. Ni kabati la mbao la vitabu. Rafu ya chini ina chaki na karatasi za mitihani ya zamani, ya juu ndiyo ya dawa. Dawa za mwanangu nilizipeleka zikiwa kwenye boksi lake lenye maandishi ya hospitali. Boksi halikuwepo. Vidonge vilikuwa vimekatwa kwa mkasi ili vienee kwenye bahasha ndogo ya kaki, na juu ya bahasha kumeandikwa kwa penseli jina lake la kwanza na "Kidato II". Sasa jina la binti yangu ni jina la huku kwetu pwani, na kidato cha pili wapo watatu wanaoitwa hivyo. Pembeni palikuwa na bahasha nyingine yenye jina hilohilo na kidato hichohicho. Nikaifungua, nikakuta vidonge vidogo vya njano, foliki asidi ya mtoto mwenye selimundu. Nilisimama nimeshika bahasha moja mkono huu na moja mkono huu, na penseli ndiyo peke yake iliyokuwa inawatenganisha watoto wawili.

Ndugu viongozi, hoja zangu ni hizi.

1. Dawa imechukuliwa, lakini saa yake haikuchukuliwa na mtu.

Sipingi kanuni ya kukusanya dawa. Bweni lina watoto wengi, vidonge vikizagaa vitaokotwa, vitagawanwa, vitamezwa na asiyehusika. Lakini shule inapompokonya mtoto dawa mlangoni, inajitwisha na wajibu wa kumpa kwa wakati. Nyumbani mwanangu alikuwa anajiamsha mwenyewe, anameza, anaendelea na shughuli zake. Bwenini amenyimwa uwezo huo na hakuna aliyewekwa mahali pake. Dawa ya kifafa haikatishwi ghafla. Ikikatika, degedege hurudi, na linaweza kuja kali kuliko yale ya mwanzo, moja likafuatwa na jingine bila mgonjwa kuzinduka. Hilo linaua. Kwa hiyo dozi tatu zilizoruka kati ya Ijumaa na Jumapili zilikuwa jambo kubwa, na kauli niliyopewa na bodi kwamba "mtoto aliwahi kukosa dawa kidogo" siikubali.

2. Hakuna kinachoandikwa.

Niliuliza mwanangu amemeza kidonge mara ngapi mwezi Januari. Hakuna anayejua, kwa sababu hakuna daftari. Nikauliza ile fomu ya uchunguzi wa afya, inayokuja na maelekezo ya kujiunga, ambayo mganga aliijaza na kuandika wazi "kifafa, yuko kwenye dawa", iko wapi. Iko kwenye faili la usajili. Matroni hajawahi kuiona, na mwalimu wa zamu hajui kwamba ipo.

Madhara yake tuliyaona Aprili. Binti alipata homa, akapelekwa zahanati, kipimo cha haraka kikaonesha malaria. Akaandikiwa dawa mseto, vidonge vinne kwa mara moja, mara sita ndani ya siku tatu. Mtoto alikuwa anatetemeka, hawezi kujieleza, na mwenzake aliyemsindikiza hakujua habari za kabamazepini. Barua ya shule kwenda zahanati nayo haikusema kitu. Kabamazepini hupunguza nguvu ya dawa mseto mwilini, na mganga angeambiwa angechukua tahadhari. Tena dozi ya kwanza alimeza saa nane mchana, kwa hiyo ya pili ilipaswa kuwa saa nne usiku, baada ya saa nane kupita. Saa nne usiku ofisi imefungwa. Aliipata asubuhi, kabla ya uji, wakati dawa hiyo hufyonzwa vizuri ikimezwa pamoja na chakula. Baada ya wiki mbili malaria ilikuwa imerudi. Siwezi kuapa kwamba sababu ni hiyo. Ninachosema ni kwamba hakuna karatasi ambayo mtu angeweza kuisoma akajua.

3. Dawa za kuokoa maisha zinafungiwa pamoja na za kawaida.

Kanuni ni moja kwa dawa zote, na hapo ndipo inapokuwa hatari. Mtoto wa jirani yangu, katika shule nyingine, ana pumu. Pampu yake ya bluu imo kabatini. Nanyi mnajua hali ya kwetu: kuanzia Juni mikorosho inapopulizwa salfa dhidi ya ugonjwa wa ubwiriunga, vumbi lake linapeperuka mpaka madarasani na mabwenini. Mwenye pumu akibanwa kifua hana dakika ishirini za kumtafuta mwenye ufunguo. Pampu inatakiwa iwe mfukoni mwake, bwenini na darasani na uwanjani, na mwalimu wake ajue kumsaidia. Hata kama hakuna kifaa maalumu cha kuvutia dawa, chupa ya maji ya nusu lita iliyotobolewa kitako, pampu ikachomekwa hapo na mtoto akavuta kwa mdomo wa chupa, inafaa. Wahudumu wa afya wanalijua hilo, walimu hawajafundishwa.

4. Siri za watoto zinaanikwa.

Dawa za usiku hugawiwa nje ya ofisi, kwa foleni, majina yakiitwa kwa sauti. Katika foleni hiyo wamo watoto wanaotumia dawa za kufubaza virusi vya UKIMWI. Bweni zima linajua nani anaitwa kila siku ya Mungu na nani anaitwa siku tano tu. Mtoto wa miaka kumi na tano akishatambuliwa hivyo atatafuta kila njia ya kukwepa foleni, na akikwepa foleni amekwepa dawa. Sheria ya UKIMWI ya mwaka 2008 inalinda siri ya afya ya mtu, na mtoto naye ni mtu. Hili halihitaji hata shilingi moja kulirekebisha.

5. Joto.

Ofisi ya bati, dirisha moja, Novemba ya Lindi. Dawa nyingi zimeandikwa zitunzwe chini ya nyuzi 30, na humo ndani mchana hata chaki unaionea huruma. Kwa vidonge tunaweza kusogeza kabati. Kwa insulini haiwezekani kulifumbia macho: ambayo haijafunguliwa hukaa kati ya nyuzi 2 na 8, na haitakiwi kuganda. Palipo na jokofu na umeme ukikatika, au pasipo na jokofu kabisa, kuna mtungi. Chungu ndani ya chungu, katikati mchanga unaomwagiwa maji, mahali penye kivuli na upepo, kwa ajili ya ile chupa inayotumika. Akiba ibaki kwenye jokofu la zahanati. Bibi zetu walipoza maji hivyo miaka yote, shule haitashindwa.

6. Hakuna anayejua la kufanya mtoto akianguka.

Nayasema hapa ili hata asiyewajibika kwa barua hii ayajue. Usimtie kitu mdomoni, si kijiko, si kidole, si kitambaa. Usimkandamize. Ondoa vitu vigumu karibu yake, weka kitu laini chini ya kichwa, mgeuze ubavu mate yatoke, tazama saa. Degedege likipita dakika tano, au likija la pili kabla hajazinduka, huyo ni wa hospitali mara moja. Kifafa hakiambukizi, kwa povu wala kwa kugusana. Na mtoto akizinduka anakuwa amechoka na ana aibu, anahitaji kanga ya kujifunika na mtu mmoja mpole karibu yake, na hao wengine warudi kwenye shughuli zao.

Najua nitakayojibiwa, kwa sababu mengine nimeshajibiwa.

Nimeambiwa shule haina muuguzi. Ni kweli, na siombi muuguzi aajiriwe kesho. Nimeambiwa walimu si wataalamu wa dawa. Lakini ni walimu haohao wa kusini ambao kampeni za kichocho na minyoo zikija huwapanga watoto, huwapima urefu kwa kijiti ili wajue vidonge vingapi vya prazikwanteli, huhakikisha wamekula kwanza, huwasimamia wameze mbele yao, na huandika idadi. Mwaka 2013 ugawaji wa vyandarua kupitia shule ulianzia katika mikoa hii yetu, Lindi, Mtwara na Ruvuma, na shule zetu ziliweza kujua nani kapata na nani hajapata. Mwalimu anayeweza kusimamia vidonge vya shule nzima kwa siku moja anaweza kusimamia vidonge vya watoto tisa kila siku, mradi apewe maandishi ya mganga yanayomwambia kipi, kiasi gani, saa ngapi. Kuamua dozi hatumwombi.

Nimeambiwa wanafunzi wanatumia dawa vibaya. Wapo, na ndiyo sababu ya kuhesabu. Dawa inayohesabiwa mzazi anapoikabidhi, ikahesabiwa tena kila wiki, haiibiwi kirahisi. Bahasha ya kaki haihesabiki.

Nimeambiwa hakuna fungu. Kabati lipo, linatakiwa kuondolewa chaki. Ninachoongeza ni kaunta buku moja, kufuli moja na funguo mbili, na mimi na wazazi wenzangu tuko tayari kuvinunua wiki hii hii.

Nimeambiwa pia wazazi wanaficha magonjwa. Hapa nakiri. Wapo wazazi wanaoandika "hana tatizo" kwenye fomu kwa kuogopa mtoto asipokelewe, au kwa sababu nyumbani wanasema ni mashetani na dawa wameifuata kwa fundi, mganga wa kienyeji. Mimi mwenyewe mwaka wa kwanza wa ugonjwa huu nilizungushwa kwa waganga watatu, kombe tukanywa, mbuzi tukachinja, kabla shemeji yangu hajanishika mkono kunipeleka hospitali. Lakini mzazi ataandika ukweli pale atakapoona ukweli aliouandika unasomwa na kumsaidia mwanawe. Mimi niliuandika, ukaishia kwenye faili.

Basi ninaloomba ni hili.

Mtoe maelekezo ya maandishi kwa shule zote za bweni za halmashauri kwamba kila shule iwe na watu wawili waliotajwa kwa majina wanaosimamia dawa, kila mmoja na ufunguo wake, na mmoja asiondoke shuleni kabla mwenzake hajafika. Dawa zibaki kwenye pakiti zake zenye maandishi ya hospitali, na jina la mtoto liandikwe kwa ukamilifu, matatu, pamoja na tarehe ya kuzaliwa. Daftari liwe na tarehe, saa, jina, dawa, kiasi, saini ya aliyetoa na saini ya mtoto. Dozi ikirukwa iandikwe imerukwa na kwa nini, na mzazi apigiwe simu siku hiyohiyo. Makosa yakitokea yaandikwe bila mtu kutishiwa adhabu, kwa sababu mwalimu anayeogopa ataficha.

Pampu za pumu zikae na wenyewe. Kila mtoto aende ofisini kwa wakati wake, mlango ukiwa umefungwa.

Mganga Mkuu, kwako naomba siku moja tu. Mtaalamu mmoja kutoka kituo cha afya cha jirani aje akae na matroni, patroni, walimu wa zamu na viranja wa afya, awafundishe kifafa, pumu, selimundu na kisukari, na aache karatasi moja ya kila mtoto yenye dawa zake zote, ili akipelekwa zahanati karatasi iende naye.

Na shule ziruhusiwe kupokea akiba ya wiki mbili juu ya dozi ya muhula. Mei 2024, kimbunga Hidaya kilipopita na barabara ya Dar es Salaam ikakatika huko Somanga, dawa ya mwanangu niliyoiagiza ilikuwa kwenye basi, upande wa pili wa maji. Niliokolewa na mzazi mwenzangu ambaye mwanawe alikuwa na dawa kama hiyo. Tuligawana vidonge mezani kwake, tukihesabu kimoja kimoja. Sitaki kufanya hivyo tena na najua si salama.

Kwa shule ya mwanangu naomba haya yaanze kabla ya upimaji wa kitaifa wa kidato cha pili mwezi Novemba. Mtoto huyu amesoma, daftari zake ninazo, na nataka aingie kwenye chumba cha mtihani akiwa amemeza kidonge chake cha asubuhi. Kwa shule nyingine naomba yawe tayari zitakapofunguliwa Januari.

Naomba jibu la maandishi ndani ya siku 14. Siku hizo zikipita nitafika masijala nikiwa na nakala ya barua ya Mei yenye muhuri wenu, pamoja na wazazi sita waliokubali kufuatana nami, na tutakaa kwenye benchi mpaka faili lipatikane.

Wenu katika ujenzi wa Taifa,

Mzazi wa mwanafunzi wa kidato cha pili,
Mkoa wa Lindi

Nakala:
Mwenyekiti wa Bodi ya Shule
Mkuu wa Shule
Matroni, kwa taarifa na kwa shukrani